Spika za Mamilioni Hazikai Konani: Mwongozo kwa Mwenye Sebule

Umenunua spika za bei ya gari. Hongera. Sasa sikia neno ambalo muuzaji hakukwambia: sehemu kubwa ya sauti uliyoilipia bado hujaipata, na iko humo humo sebuleni kwako, kati ya ukuta na sofa. Chumba nacho ni ala. Kinapiga pamoja na spika, na usipokishughulikia kitapiga kitakavyo. Tafuta futi kamba, chaki, pimamaji, kioo cha mkononi na ndugu mmoja mwenye subira na mgongo mzima. Kazi inaanza.

1. Zitoe kabatini

Kabati la TV si mahali pa spika. Ukiichomeka kati ya sahani za harusi na picha ya mahafali, mbao za kabati zinatetemeka nayo, sahani zinaitikia, na mwimbaji anasikika kama amefungiwa humo ndani. Ondoa pia chombo cha maua kilicho juu yake, pamoja na kitambaa cha kufuma. Kama kitambaa ni kazi ya mikono ya shangazi, kipe nafasi ya heshima kwenye meza ya katikati, kisha mweleze shangazi sababu kwa adabu. Atakuelewa siku akiusikia wimbo wake wa ujanani bila mtetemo wa sahani.

2. Zitoe konani

Besi haiendi mbele tu, bali husambaa pande zote. Kila uso ulio karibu na spika, uwe ukuta wa nyuma, wa pembeni au sakafu, unaweza kuiongezea besi hadi desibeli 6. Konani nyuso zote tatu hukutana. Ndipo gitaa la besi linapogeuka mvumo mmoja usio na noti, na jirani anajua umerudi kazini kabla ya watu wa nyumbani kwako.

Nyumba zetu za Dar es Salaam na Mombasa zinataka uangalifu zaidi. Kuta nyepesi za mbao na jipsamu, zilizo kwenye nyumba nyingi za Marekani, hutikisika kidogo na kumeza sehemu ya besi. Tofali la saruji halimezi. Linairudisha karibu yote, na sakafu ya vigae inarudisha sauti nyembamba. Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya huko uchukue, lakini usogeze spika mbali zaidi na ukuta kuliko vinavyosema.

Zipo spika zilizoruhusiwa kukaa konani. Klipschorn, aliyoibuni Paul Klipsch huko Arkansas miaka ya 1940, iliundwa makusudi kwa ajili ya kona, kwa kuwa kuta mbili za chumba ndizo zilizokamilisha pembe yake ya besi. Kama huna Klipschorn, huna ruhusa.

3. Piga hesabu kabla ya kusukuma

Tuchukue sebule ya mita 5 kwa 4. Zipange spika upande wa ukuta mfupi. Uso wa kila spika uwe mita 1 kutoka ukuta ulio nyuma yake, sentimita 80 kutoka ukuta wa pembeni, na mita 2.4 kutoka kwa mwenzake. Ukikaa mita 2.4 kutoka kila spika, mnafanya pembetatu ya pande sawa. Huo ndio mwanzo unaokubalika kwa spika nyingi.

Angalia kuwa umbali wa ukuta wa nyuma na wa pembeni haulingani. Si bahati mbaya. Spika ikiwa sentimita 85 kutoka ukutani, sauti iliyokwenda ukutani na kurudi imetembea mita 1.7 zaidi, na kwenye hezi 100 inafika ikiwa kinyume na ile iliyotoka mbele. Zinauana. Umbali wote ukilingana, kuta zote zinachimba shimo lile lile kwenye muziki wako, na hakuna kitufe cha amplifaya kitakacholifukia.

4. Toa sofa ukutani

Hapa ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanza, nawe usirudi nyuma. Kila urefu wa chumba una sauti yake ya kuvuma. Mita 5 huvuma kwenye hezi 34 hivi, na mita 4 kwenye hezi 43, jirani kabisa na noti ya chini ya gitaa la besi, ambayo ni hezi 41. Mvumo huo hujaa kwenye kuta na hupotea katikati ya chumba. Mwenye kuegemea ukuta anasikia besi ya kupitiliza, na aliyekaa katikati kabisa anaikosa. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kukaa kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba. Kwa mita 5 hiyo ni mita 1.9 kutoka ukuta wa nyuma yako, na hapo hapo ndipo pembetatu yetu inapoangukia.

Sofa ikigoma, tumia kiti kimoja chepesi unachoweza kukirudisha wageni wakija. Kiti chenye mgongo mrefu unaopita masikio hakifai.

5. Sikio lifike kwenye twita

Twita, yaani ule mdomo mdogo wa spika unaotoa sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio la aliyekaa, karibu mita 1 kutoka chini. Sauti nyembamba husafiri kama mwale na hufifia ukiwa juu au chini yake. Weka pimamaji juu ya kila spika, maana vigae vya fundi wa haraka havijanyooka. Kisha keti, mwenzako aanze kuzigeuza zikuelekee.

“Shemeji, igeuze kidogo kwangu.”

“Hivi?”

“Umezidisha. Rudisha upana wa kidole.”

“Kidole changu au chako?”

Kidole chochote. Sentimita moja inasikika, kwa sababu sikio huujua upande sauti ilikotoka kwa kulinganisha ipi ilitangulia kufika. Ndiyo maana umbali kutoka kitini hadi kila spika lazima ulingane kabisa. Upime kwa futi kamba, usiukisie kwa hatua.

6. Kioo kiseme

Mwenzako atembeze kioo ukutani pembeni, wewe ukiwa umekaa. Pale unapoiona twita kwenye kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukufikia mara ya pili. Weka kabati la vitabu lililojaa au pazia zito lenye mikunjo. Kanga moja iliyotandazwa ukutani inapendeza, ila ni nyepesi mno kwa kazi hii. Sakafuni, kati yako na spika, tandika zulia nene.

7. Mwite Siti binti Saad

Siti, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, na rekodi hizo ni za njia moja: spika zote mbili zinapewa sauti ile ile. Zipige. Sauti yake inapaswa kusimama katikati kabisa, mahali pasipo na spika yoyote, nyembamba kama mtu mmoja. Ikivutwa kushoto, pima upya. Ikisambaa bila makao, kagua nyaya, huenda chanya na hasi zimepishana upande mmoja. Ikishasimama, weka taarabu asilia iliyorekodiwa kwa njia mbili, usikie ala ya kanuni kwake, fidla kwake na besi nyuma yao, noti baada ya noti.

8. Weka alama, kisha gawa kiti

Zungushia chaki miguu ya spika, maana siku ya usafi zitasogezwa. Usinunue waya wa bei mbaya wala amplifaya mpya kabla hujamaliza hatua hizi, kwa kuwa hakuna kati ya hivyo kinachoweza kurudisha besi iliyouawa na ukuta.

Mahali pazuri katika chumba hiki ni pamoja tu, basi paende kwa zamu: mgeni kwanza, aliyesukuma spika wa pili, wewe wa mwisho. Muziki uliopangwa kwa uangalifu wote huu unastahili masikio mengi kuliko ya mwenye risiti.