Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Tshopo

Mheshimiwa Gavana, Baba wa Jimbo letu,

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda, nikijua ni mengi yanayokungoja mezani. Ombi langu, kwa ruhusa yako, ni moja: unyoya.

Pale kwenye maporomoko ya Wagenia, kati ya miti na migono ya wavuvi, wanaishi ndege wadogo wa kijivu, wenye ukosi mweupe na miguu myekundu. Maji yakipungua, hutaga juu ya mwamba mtupu. Yakijaa, huhama. Hula wadudu wanaowadaka hewani, na wengi wa wadudu hao wamekulia mtoni.

Mito yetu ndiyo inayonitia hofu, Mheshimiwa. Kule Banalia, dragi zimefyonza mchanga wa mto Aruwimi kutafuta dhahabu. Wachimbaji wengi huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Zebaki inayomwagika haipotei. Vijidudu vya topeni huigeuza sumu kali zaidi. Mdudu huibeba, samaki mdogo humla mdudu, mkubwa humla mdogo, na kila tumbo hupokea zaidi ya lililotangulia. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa watu ulioletwa na zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kabla ya hapo paka walikuwa wamekwisha kupagawa na kufa, na kunguru wakianguka kutoka angani.

Ndege, Baba, huisukuma sehemu kubwa ya zebaki ya mwilini mwake kwenye manyoya yanapoota. Hapana haja ya kumuua. Unyoya uliodondoka mwambani unatosha kupimwa.

Kwa unyenyekevu naomba utoe idhini, na fungu dogo la fedha, ili wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Bioanuwai hapa Kisangani waokote manyoya Wagenia, Banalia na Basoko kila maji yanapopungua. Wavuvi wa Wagenia walipwe kuwaongoza, maana kila jiwe la pale wanalijua. Na majibu yasomwe redioni kwa Kiswahili na Kilingala, mama muuza samaki ayasikie siku moja na waziri.

Nimeambiwa ndege si shida ya watu wenye njaa. Nisamehe nikikataa, Mheshimiwa: ndege yule na watoto wangu wanalishwa na mto mmoja.



Wako mtiifu,
Mwalimu wa biolojia, Kisangani