Makarani Wanane wa Mtemi Simba

Barua ilitoka pwani na msafara, ikamfikia Mtemi Simba wa Unyanyembe pale Kwihara, chini ya miembe. Wakubwa wa huko walitaka kujua maskini wake ni wangapi. Baraza likanyamaza.

Mzee Kakakuona ndiye aliyekata shauri. "Wapagazi waliopita hapa walipewa posho ya kibaba cha nafaka kwa siku. Asiyefikisha kibaba, huyo ni maskini." Ikakubaliwa. Ikabaki kuuliza nani anakula nini, na Mtemi, kwa kuogopa kudanganywa na karani mmoja, akaajiri wanane.

Sungura alianzia kwa Mama Ngiri.

"Shikamoo, mama. Siku saba zilizopita mmekula nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Ugali, mlenda, uyoga."

"Uyoga wa shilingi ngapi?"

"Wa porini huo. Nani atauziwa, na kila mtu ana kapu lake?"

Sungura akaandika sifuri.

Kesho yake akaja Kobe kuulizia chakula cha mwezi wa kawaida. Mama Ngiri akaweka jembe chini. "Wa kawaida upi, baba? Tumbaku ikilipwa, tunakula vya maana. Februari tunafukua mizizi. Nikuchanganyie?"

"Changanya," akasema Kobe.

Njiwa aliacha daftari. Siku ya kwanza liliandikwa mpaka chumvi. Siku ya kumi liliandikwa "kama jana", na siku zilizofuata hata hilo halikuandikwa. Panya yeye aligawa daftari kwa kila mtoto, na hapo yakafichuka ambayo mama mtu hakuyajua: maembe ya njiani, asali ya mzinga wa mwenyewe, mahindi ya kuchoma pale stesheni. Nyumba ile ikavuka kibaba usiku mmoja, na chungu ni kilekile.

Waliobaki wanne nawaruka, walitofautiana hivyohivyo. Na idadi yao sikuibuni. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waligawa namna nane za kuuliza matumizi kwa kaya zipatazo 4,000 nchini Tanzania, kila kaya ikiangukiwa na namna yake kwa bahati nasibu. Wenye njaa wakawa asilimia 19 kwa namna moja, 68 kwa nyingine. Nchi ni ileile, msimu ni uleule.

Tembo hakuhesabiwa. Kila karani alipofika getini, Nyani alisema mzee amesafiri. Hivyo pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho likapigiwa hesabu bila mwenye nacho, likaonekana la kuvumilika. Pengo lenyewe, hata hivyo, halifichiki lote. Kati ya 2011/12 na 2017/18 Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliona umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ukishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4, huku kipimo cha Gini, ambacho sifuri yake maana yake wote wako sawa, kikipanda kutoka 0.34 hadi 0.38. Mabaraza niyajuayo mimi hupiga ngoma kwa nambari ya kwanza tu.

Mtemi naye alipiga ngoma, kisha akatangaza mgao wa mahindi kwa maskini. Kwa kuwa hakujua amwamini karani yupi, kila mmoja alipewa meza yake na orodha yake. Mama Ngiri akapanga foleni kwa Panya, aliyekuwa karibu na kivuli.

"Shangazi, wewe umeshatoka."

"Nimetoka wapi?"

"Kwenye umaskini. Yale maembe ya watoto."

Mama Ngiri akakaza khanga, akahamia foleni ya Kobe. Nusu ya kijiji ilikuwa huko tayari, na mbele kabisa alisimama Nyani, ameshika gunia tupu na nafasi ya Tembo.