Namba Moja ya Mama, Namba Moja ya Ukutani

Wazazi wenzangu mlio na watoto wa kiume, tusidanganyane. Kichwa cha mtoto wa shule si chake, wala si cha baba yake. Kina hisa za mwalimu wa zamu, hisa za mama, hisa za bibi, na hata mashemeji nao wana fungu lao. Kazi ya baba ni kutoa hela.

Hapa kwangu Soweto, Mbeya, jambo hili hulipuka shule zinapofunguliwa, Januari na Julai. La Januari lina nafuu. La Julai ndilo balaa, maana huku tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi, na ndio wakati huohuo shule inataka vichwa vyeupe. Jumatatu mwalimu wa zamu anapita mstarini, anakagua kucha, kola, soksi, kisha anapitisha kiganja kichwani. Nywele zikishikika tu, mkasi unatoka mfukoni na mtoto analimwa barabara kuu ya Tunduma katikati ya utosi. Kilichobaki mmalizie nyumbani.

Mke wangu tunamwita Spika, mimi na watoto. Mwenyewe hajui, na nyinyi mliosoma hapa naomba mnifichie. Jumamosi asubuhi, huku anachambua mchele wake wa Kyela, akatoa mwongozo: "Baba watoto, mpeleke huyu akanyolewe. Namba moja, kichwa kizima. Sitaki kiduku, sitaki njia, sitaki michoro." Nikasema sawa. Spika akishasema, hoja imefungwa.

Mwenye kichwa yuko darasa la tano na tunamwita Winga. Anajidai winga wa mpira, lakini akili yake ni ya wale mawinga wa Kariakoo: ukifanya naye biashara, hesabu vidole vyako ukimaliza. Dada yake wa darasa la pili ni Katibu Mwenezi. Yeye hunyolewa hivyohivyo kama mvulana, maana shule zetu nyingi za serikali hazibagui kwenye kipara, na tangu anyolewe anaona uchungu mtu mwingine akibaki na nywele.

Tukaenda saluni ya mtaani. Kiti cha kinyozi ni cha watu wazima, kwa hiyo watoto hulaziwa ubao juu ya mikono ya kiti, wanapanda pale kama wanaapishwa. Ukutani kuna lile bango la vichwa, vijana watanashati wametazama pembeni, kila mmoja na namba yake. Sijui kama wenyewe wanajua kwamba wanaishi Soweto.

Mimi nikakaa kwenye benchi. Wazee wa benchi walikuwa bado wanabishana kuhusu Mbeya City ya msimu wa 2013/14, ile iliyopanda Ligi Kuu na mwaka huohuo ikamaliza ya tatu, na kila mmoja anajua ni nani aliyeiharibu baada ya hapo. Ubishi huo hauna mwisho na mtu mwenye damu ya Mbeya hawezi kuupita. Lakini sikio moja nililiacha kwenye kiti, na nilimsikia Winga akisema vizuri kabisa: "Mama kasema namba moja."

Mashine ya kunyolea huwekwa vitana, na kitana namba moja huacha nywele za milimita 3 hivi. Ndiyo namba moja ya Spika. Namba moja ya bangoni ni kichwa cha kwanza kabisa juu kushoto: pembeni kweupe, juu kichaka, na njia mbili zimechongwa kwa wembe juu ya sikio. Nilipogeuka, kinyozi alikuwa anampangusa shingo kwa spiriti na kumpiga pauda, anatabasamu kama msanii.

"Si mama kasema namba moja, baba?"

"Buku mbili mzee," kinyozi akaongeza. "Ya kawaida ingekuwa buku."

Nikalipa. Sasa semeni nyinyi, ningemfanyaje? Na kusema kweli, moyoni nilimwelewa. Mwaka 2002 nilikuwa kijana wa sekondari kule Tukuyu, na Ronaldo wa Brazil akaja Kombe la Dunia amenyoa kichwa chote akabakiza kipande cha nywele mbele kama kiraka. Fainali akawafunga Wajerumani mabao yote mawili. Nani angebaki na nywele za kawaida? Baadaye Ronaldo alieleza kwamba alinyoa vile ili waandishi waache kuzungumzia maumivu yake, na akawaomba radhi akina mama waliokuta vichwa vya watoto wao vimeharibika. Mama yangu hakungoja radhi ya Mbrazili. Kiraka changu hakikulala.

Basi tukafika getini. Katibu Mwenezi alikuwa keshatuona tangu kwenye kona. "Mamaaa! Winga kanyoa kama wahuni!" Spika akatoka, akamtazama mtoto kidogo sana, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

Hapo ndipo alipojitokeza shemeji yangu, Injinia. Hana cheti cha ufundi wowote, ila hakuna kitu kilichoharibika nyumbani kwangu ambacho hajakigusa kwanza. Alikuwa na mashine ya mtumba aliyoinunua Mwanjelwa. "Dada, hela ya nini tena? Dakika tano tu."

Tangu Mmarekani Leo Wahl aitafutie hataza mashine ya umeme ya kunyolea, mwaka 1919, mashine hizo zimekuwa zikidai jambo moja tu, umeme. Injinia alianzia kisogoni, akapanda vizuri, akafika utosini, na mtaa mzima ukazimika. Mashine ikafa imeng'ata. Ikabaki imening'inia kichwani kwa Winga, waya unaburuzika, naye anazunguka uani analia huku Injinia anamkimbiza akisema usiitingishe, itapoteza balansi. Katibu Mwenezi alishapanda juu ya ndoo ili majirani wasipitwe.

Aliyetuokoa ni mama yangu, Bibi Tukuyu, aliyekuwa ametutembelea na mkungu wake wa ndizi na parachichi za kugawia mtaa. Akaichomoa mashine taratibu, akaishika kwa vidole viwili. "Hiki ndicho kinachowaletea mapunye."

Kwenye mapunye hapingwi. Katibu Mwenezi aliwahi kuyapata, kichwa kikawa na mabaka makavu yasiyo na nywele, na Spika akapaka kila kilichouzwa. Hospitali wakatueleza kwamba ule ni ukungu, unaingia mpaka kwenye mzizi wa unywele, dawa ya kupaka peke yake haiufikii. Lazima vidonge, tena wiki kadhaa, na vifaa vya kunyolea visizunguke vichwani bila kusafishwa. Tangu siku hiyo Bibi akiona kitana cha mashine anaona mgonjwa.

Akaagiza beseni la maji ya moto, sabuni ya kipande na wembe mpya. Akamkalisha Winga katikati ya magoti, mkono mmoja umeshika sikio, na nilivyomwona alivyolishika, langu likaniuma. Wembe wa Bibi hauna namba. Alipomaliza, kichwa kiling'aa mpaka kikaonyesha kovu la mwembe ambalo tulikuwa tumelisahau, na baridi ya Julai ikakipokea. Usiku huo Winga alilala na mzula wake, akaongeza na wangu.

Jumatatu mwalimu wa zamu alipitisha kiganja, kikateleza. Akamtoa mbele ya mstari awe mfano kwa shule nzima. Winga hajanisamehe mimi, ambaye sikushika hata kitana.

Spika naye ametoa mwongozo mpya. Saluni basi, Injinia basi. Kuanzia sasa vichwa vyote vya nyumba hii vitanyolewa na Bibi kabla hajarudi Tukuyu, kuanzia na baba ili watoto waone mfano. Nimeomba kwa heshima zote, kwa umri wangu na nafasi yangu ofisini, walau niachiwe namba moja.

Nimejibiwa, "Ipi?"