Barua ya Wazi kwa Sultani Aliyechoshwa na Wageni

Kwa Sultani Dawud bin Sulaiman,
Ikulu ya Zamani,
Kilwa Kisiwani.

YAH: PONGEZI KWA USHINDI WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mtukufu Sultani, kwanza niwie radhi kwa kukuandikia moja kwa moja bila kupitia kwa katibu muhtasi. Nilianza kwa walio hai, nikaambiwa mhusika yuko semina. Nikaona heri nimwandikie marehemu, kwani wewe angalau nina hakika hujasafiri kikazi.

Ninakupongeza. Kwa karibu miaka mia saba umekaa kivulini mwa ndugu yako, al-Hasan bin Sulaiman, yule waliyempa jina la Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Kila kitabu ni yeye. Yeye ndiye aliyejenga Husuni Kubwa juu ya jabali linaloitazama bahari, jumba la vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane. Yeye ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu, na sarafu yenye jina lake iliokotwa mbali kule Great Zimbabwe. Inasemekana jumba lile halikuwahi kukamilika. Sitauliza ni nani aliyekuja kukata bajeti.

Na yeye ndiye aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Wewe uliachiwa mistari michache mkiani mwa habari hiyo, na si mistari ya sifa. Niikumbushe kwa faida ya wasioijua. Ndugu yako alikuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen akamzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, watu wakasifu, na sultani aliposikia sifa akamwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. (Wanaosimulia kisa hiki kwa machozi ya fahari hupita haraka hapo penye watumwa. Ukarimu ule ulilipwa na watu ishirini ambao hakuna aliyewauliza.)

Kisha ndugu yako akafariki, ukakaa wewe. Fakiri alipokuja kwako ulimjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa. Mgeni alikaa barazani kwako miezi, mwishowe akapewa kidogo, mpaka watu wakaacha kuja kabisa. Ibn Battuta aliyaweka hayo kwa ubaya, na wasomaji wote tangu hapo wamekuita bahili. Mimi nasema walikudhulumu. Hukuwa bahili, bali mtu uliyezaliwa kabla ya wakati wako: karne ya 14 ulikwisha buni namna tunavyowapokea wageni kwenye mambo ya kale leo, na ulichokosa ni mtandao tu.

Ninasema kwa ushahidi, maana mimi ni msafiri wa magofu. Wenzangu likizo zao huzipeleka Serengeti kwa simba, mimi huzipeleka kwenye kuta zilizobomoka. Chukua gofu moja la mwambao ambalo sitalitaja, kwa kuwa mlinzi wake ana familia. Unafika asubuhi. Kibanda cha tiketi kiko wazi lakini tiketi hazikatwi, kwani fedha mkononi hazipokelewi. Sharti kontroo namba ya kulipia. Kontroo namba inatoka kwenye mfumo, mfumo unategemea mtandao, na mtandao unasumbua. Unaketi kwenye benchi chini ya mwembe, ubavuni mwa bango linalokukaribisha. Gofu unaliona, liko hatua chache mbele yako, halina uzio, na mbuzi wanaingia na kutoka bila kontroo namba. Ukiuliza mtandao utarudi lini, unajibiwa kwa upole ambao ndio unaokata maini: “Vuta subira, mzee wangu.” Choo kipo, kimejengwa kwa msaada wa wafadhili kama bango la pili linavyoeleza, ila ufunguo uko kwa yule wa semina.

Wewe uliwaweka wageni miezi. Sisi bado tuko kwenye saa, lakini tunajitahidi.

Ukishalipa, unaletewa kitabu cha wageni, na hapo ndipo raha yenyewe ilipo. Safu ya uraia, safu ya kazi, safu ya maoni. Nimevisoma vitabu hivi kwa hamu kuliko vitabu vya historia. “Pazuri.” “Pazuri sana.” “Serikali iangalie mahali hapa.” Mmoja alilalamika kwamba majengo ni ya zamani mno, akashauri pawekwe marumaru.

Simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Pale nje pana mabango mawili ya maana. La kwanza linasema USIPANDE UKUTANI, na hilo limeandikwa kwa Kiswahili. La pili lina historia ya mahali, na hilo limeandikwa kwa Kiingereza, herufi zikiwa zimeliwa na jua. Yaani mgeni anaelezwa na mwenyeji anaonywa. Wanafunzi wa darasa la sita wanashushwa kwenye basi, wanapangwa mstari, wanaambiwa wasiguse, wanaandika daftarini kwamba magofu ni majengo ya kale yaliyojengwa na Waarabu, kisha wanapanda basi. Kwa muda wote huo wamesimama juu ya vigae vya kaure ya China, na hakuna aliyewaambia watazame chini.

Nani alikuwa wa kuwaeleza, kwa mfano, kwa nini vyumba vya nyumba za kale za mwambao ni virefu na vyembamba kana kwamba vimejengwa kwa ajili ya kuhifadhi makasia? Ni kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya urefu wake, kiasi cha mita mbili na nusu au tatu. Utajiri wako ungekuwa mkubwa kiasi gani, upana wa chumba chako uliamuliwa na mti wa kwenye matope. Ndiyo maana Msikiti Mkuu wa Kilwa ni jambo la kushangaza: mafundi walipofika kwenye kuba na matao, mara moja wakaachana na udikteta wa boriti. Kwenye kuba walifinyanga matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Matumbawe ya kuchonga yalitolewa baharini yakiwa bado mabichi na laini, yakachongwa hapo hapo, yakakauka yakawa jiwe. Ukijua hayo, ukuta uliobomoka unaanza kusomeka.

Aliyenieleza habari ya boriti hakuwa na kitambulisho shingoni. Alikuwa mvuvi aliyekuja kutafuta mbuzi wake. Tulizunguka naye gofu zima, akanionyesha matundu ya boriti ukutani, akanionyesha kisima, akanieleza walivyosema babu zake na pale alipodhani babu zake walitia chumvi. Alichoniomba ni vocha ya buku. Basi kama bado kuna urithi wa ndugu yako Hasan pwani hii, haumo ofisini. Uko kwa watu wa namna hiyo, na ninaogopa kulitaja hili kwa sauti, wasije wakadaiwa leseni.

Lakini turudi kwenye ushindi wako, kwani una sura nyingine. Mgeni akichoshwa mlangoni, haendi kulala; huenda kutafuta pengine. Na pengine pamejaa. Mimi nilipotaka kuijua Kilwa vizuri, nilielekezwa kwenye vitabu viwili vinene vya Neville Chittick aliyechimba kisiwani kwako miaka ya 1960. Vilichapwa 1974, kwa Kiingereza. Nilipotaka kitabu cha habari za Kilwa, kile kilichoandikwa na watu wenu wenyewe, nakala yake ya Kiarabu iko London. (Kitabu hicho, kwa haki yako, kinasema ulimshikia ndugu yako kiti alipokuwa safari ya Makka, naye aliporudi ukamwachia. Hili la kuachia kiti ningependa kulizungumza zaidi, ila barua hii ni ya mambo ya kale.) Na nilipotaka dhahabu, nilielekezwa Lisbon.

Hebu nikae hapo kidogo. Mwaka 1502 alifika Kilwa mgeni ambaye hakuhitaji kontroo namba, Vasco da Gama. Alielekeza mizinga mjini akadai kodi ya dhahabu, akapewa. Miaka mitatu baadaye akaja Francisco de Almeida, akauteka mji na kujenga ngome pale panapoitwa Gereza, ambayo Waomani waliijenga upya baadaye na ambayo bahari imekwisha kuitafuna upande mmoja. Ile dhahabu ya da Gama, Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru ifuliwe monstransi, chombo cha Kanisa Katoliki cha kuonyeshea Ekaristi. Kilikamilika 1506, na leo kiko katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, nyuma ya kioo, kinang'aa. Na juu ya chombo chenyewe, kwa Kireno, imeandikwa kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Kwa hiyo, Sultani, bango bora kuliko yote kuhusu Kilwa, lisilofifia wala kuliwa na jua, liliandikwa na aliyeiba. Mwizi ametushinda kwa kuweka kumbukumbu.

Hata sarafu zenu zimekuwa na safari nzuri kuliko raia. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa kwenye Wessel Islands, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Mimi sishangai. Zilichoka kungoja.

Nisiwe mtovu wa shukrani. Mwaka 2004 UNESCO iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 ikayaondoa, baada ya kuta kutiwa chokaa upya na mikoko kupandwa ili kuvunja makali ya mawimbi. Hiyo ni kazi ya kweli, na ukiuliza utakuta wanakijiji walibeba zege lake. Laetoli nako nyayo za wahenga wa binadamu, za miaka milioni 3.6, alizozifukua Mary Leakey na wenzake mwaka 1978 zilifukiwa tena, kwa sababu nzuri: kuzilinda zisiharibike. Mgeni huonyeshwa nakala. Ila natambua kwamba kuna ofisi zilizosikia habari ya Laetoli zikajifunza nusu yake tu, ile ya kufukia.

Tongoni, kusini ya Tanga, nguzo za makaburi zina mashimo ya mviringo yalimopachikwa mabakuli ya kaure. Mabakuli yameondoka, mashimo yapo, na mashimo yanatozwa kiingilio. Sisi wageni nasi hatuna dhambi ndogo. Kwenye lipu iliyodumu karne tano utakuta moyo uliochorwa kwa msumari, wapendanao ndani yake. Ukiwakemea watakuambia kwamba Fort Jesus kule Mombasa kuna michoro ya meli waliyoichora Wareno ukutani, na inalindwa kama lulu. Ni kweli. Wapendanao wa kwetu wangoje miaka mia nne tu.

Sasa nimefika kwenye ombi langu, na naomba usilijibu kama ulivyowajibu mafakiri. Ningependa uje wewe mwenyewe, siku moja tu, uzuru nyumba yenu. Uvuke kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kama sisi. Nina hamu ya kuona watakavyokuandika. Kwenye safu ya uraia kuna mambo matatu: raia, Afrika Mashariki, mgeni. Kitambulisho cha taifa huna. Ukisema wewe ni mtu wa Yemen kwa nasaba, umekwisha. Utalipa bei ya mgeni. Usishangae. Mjukuu wa watu wa mwambao huu aliyezaliwa Maskati, anayeongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, naye hulipa kama mgeni ili aone kaburi la babu yake mzaa bibi. Ukijaribu kumweleza karani kwamba hii ni nyumba ya ndugu yako, atakuuliza kama una barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Unaweza ukamtajia mzee wa Kishirazi aliyekinunua kisiwa, kama hadithi zenu zinavyosema, kwa nguo zilizokizunguka chote. Alilipa kiingilio ambacho hakuna mtalii aliyewahi kulipa. Lakini karani atataka risiti, na nguo hazina kontroo namba.

Utaketi chini ya mwembe, ubavuni mwa bango. Mbuzi watapita. Mlinzi atakuletea maji, kwa sababu watu wetu hawana ubaya, na atakuambia uvute subira, mzee wangu. Ukihesabu saa, utagundua unayetendewa hivi ni wewe uliyelianzisha jambo lenyewe, na sidhani kama kuna mwanafalsafa aliyewahi kupewa heshima kubwa zaidi na wanafunzi wake.

Majibu yakichelewa miezi kadhaa, nitajua barua imekufikia na inashughulikiwa.

Wako katika foleni,
Msafiri wa magofu.

Nakala: Mwenye ufunguo wa choo (akirudi semina).