Barua ya Wazi kwa ITU: Kabla ya 6G, Fungueni Faili la Jana

Katibu Mkuu,
Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU),
Geneva, Uswisi.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA KWA FAILI LA UTABIRI ULIOPITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote, pokea pongezi kwa umri. Shirika lenu lilizaliwa Paris tarehe 17 Mei 1865 kwa ajili ya telegrafu, likaizika telegrafu, na bado linadunda. Huku kwetu mzee wa umri huo huulizwa habari za jana, kwa kuwa aliiona. Ninyi mmeiona jana kuliko sisi sote, ila kila tukija kuwaamkia mnatusimulia ya kesho. Tena kesho hiyo mnaipa jina kabla haijafika: 3G mliiita IMT-2000, 5G ikawa IMT-2020, na sasa 6G inaitwa IMT-2030. Ni sawa na mzazi anayempa mtoto jina la mwaka atakaofunga ndoa. Bibi harusi wa 2000 alichelewa: huduma ya kwanza ya 3G ya kibiashara ilianza Japani Oktoba 2001, na Safaricom ya Kenya ikapata leseni yake mwaka 2007. Kuchelewa si dhambi, hasa kwa sisi tunaosubiri daladala. Kinachotusumbua ni kwamba ndoa ikichelewa hakuna anayerudi kuuliza kwa nini, maana washenga wako mbioni kutangaza nyingine.

Tuanze na faili lililo karibu na nyumbani. Mei 1985 mliitisha mkutano Arusha, miezi michache tu baada ya tume ya Sir Donald Maitland kutoa taarifa yake. Taarifa ile ilisema ukweli mchungu: jiji la Tokyo lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika, na robo tatu ya simu milioni 600 za dunia zilikuwa katika nchi tisa tu. Ikaweka lengo kwamba mapema katika karne ya 21 karibu kila binadamu awe na simu asiyohangaika kuifikia, na ikakadiria kuwa nchi zinazoendelea zingehitaji dola bilioni 12 kila mwaka. Serikali nazo zikaandika malengo yao. Sera ya Kenya ya mwaka 1997 ilitaka laini 20 kwa kila watu 100 mijini, na laini 1 kwa kila watu 100 vijijini, ifikapo 2015. Mwaka 2015 ukafika. Simu za mezani nchini Kenya hazikufika hata laki moja, wakati laini za simu za mkononi zilizidi milioni 37. Kwa hiyo lengo lilitimia na kupitiliza, ila kwa njia ambayo haikuwa kwenye ramani, na waliorudisha gharama za minara ni wanunuzi wa vocha za kukwangua: muuza nyanya, utingo, mwanafunzi wa bweni. Mtu akikuahidi daraja, kisha mto ukakauka ukavuka kwa miguu, unaweza kumshukuru kwa nia njema, lakini huwezi kumwita akate utepe.

Mtaniambia kuwa kukosea ni ubinadamu, na kwamba wengine wamekosea zaidi yenu. Ni kweli, na makosa yao ndiyo yanayonipa hoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya AT&T iliwauliza washauri wa McKinsey kutakuwa na simu ngapi za mkononi ifikapo mwaka 2000. Jibu lilikuwa kama 900,000. Mwaka ulipofika, Marekani peke yake ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 100. Hao walikosea kwa woga. Iridium wakakosea kwa ujasiri: walirusha setilaiti 66, wakatumia takriban dola bilioni 5, wakafungua huduma Novemba 1998 kwa simu nzito kama tofali iliyouzwa karibu dola 3,000, na Agosti 1999 wakaomba hifadhi ya mufilisi. Mwaka 2000 kampuni za simu zikailipa serikali ya Uingereza pauni bilioni 22.5 kwa masafa ya 3G, zikinadi siku ambapo kila mtu angepiga simu huku akimtazama mwenzake usoni. Mmoja alikisia kidogo mno, wengine wakakisia makubwa mno, lakini wote walikuwa wakimtazama mteja mmoja: bwana mwenye suti, mkoba mkononi na risiti za kudai ofisini. Woga wa McKinsey ulitokana na kuona mabwana hao ni wachache, na ujasiri wa Iridium ulitokana na kuamini wanazurura jangwani wakitafuta mtandao. Utabiri wa simu hukosea hapo hapo kila mara, kwa sababu huhesabu uwezo wa mtambo na unene wa pochi, kisha husahau ujanja wa mtu mwenye pochi nyembamba.

Tazama yaliyofanywa na huyo aliyesahauliwa. Ujumbe mfupi wa maneno, uliotumwa kwa mara ya kwanza Desemba 1992, ulipewa herufi 160 na kupitishwa kwenye nafasi iliyobaki katika njia ambayo mitambo hutumia kuambizana habari zake. Wahandisi waliona ni makombo, na wananchi wakageuza makombo kuwa mlo. Wasiokuwa hata na senti ya kutuma ujumbe wakabuni kubipu: simu inaita mara moja, inakatwa, na aliyebipiwa anajua kama maana yake ni "nipigie" au "nimefika salama". Ikawa lugha kamili isiyolipiwa hata senti moja. Huko Uganda na kwingineko watu wakaanza kutumiana muda wa maongezi badala ya fedha: unanunua vocha mjini, unasoma namba zake kwa simu, na kijijini mwenye simu ya kukodisha anamkabidhi mama yako noti baada ya kukata chake. Benki ilikuwa imeshazaliwa, haina jengo, haina leseni, wala haimo kwenye mchoro wa mtu yeyote. Hata M-Pesa yenyewe ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya kulipia mikopo midogo. Waliojaribiwa nayo wakaitumia kutumiana pesa, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikazinduliwa kwa kazi waliyoichagua wao.

Mwaka huo huo wa 2005, watabiri walikuwa Tunis kwenye mkutano wa dunia wa jamii ya habari mliouandaa ninyi. Hapo ilionyeshwa kompyuta ya dola 100 kwa ajili ya watoto maskini, ikiwa na mkono wa kuzungusha ili ijizalishie umeme. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliombwa auzungushe mbele ya wapiga picha. Mkono ukachomoka ukabaki mkononi mwake. Bei ya dola 100 nayo haikufikiwa, na toleo lililokwenda sokoni halikuwa na ule mkono. Sisemi wazo lilikuwa baya. Nasema kwamba huko Nairobi watu wa kawaida walikuwa wanabadilisha matumizi ya simu iliyokuwa mikononi mwao, wakati kamera zote za dunia zilikuwa Tunis zikitazama mpini.

Najua majibu mtakayotoa. La kwanza: "Yale ni malengo, si utabiri." Sawa, lakini lengo nalo huulizwa lilifikiwa au la. Tume ya Brodibandi, mliyoiunda pamoja na UNESCO mwaka 2010, ilisema ifikapo 2015 asilimia 60 ya watu duniani wawe wanatumia intaneti, na asilimia 15 katika nchi maskini kabisa. Takwimu zenu wenyewe za mwaka 2015 zilionyesha asilimia 43 duniani na 9.5 katika nchi hizo. Baadaye yakatangazwa malengo mapya ya 2025, makubwa zaidi. Lengo likitimia huitwa dira, lisipotimia huitwa hamasa, na kwa mpango huo hakuna mganga atakayepoteza mgonjwa. Jibu la pili: "Hakuna aliyeweza kuona M-Pesa inakuja." Labda, lakini vocha zilikuwa zinasomwa kwa simu mchana kweupe, na muuza vocha angewaeleza bila posho ya kikao. La tatu ndilo zito: bila ndoto kubwa hakuna mwekezaji atakayetoa fedha. Nalikubali nusu, kwa kuwa nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 zilihitaji watu wenye imani. Ila imani isiyokagua hesabu ndiyo iliyoirusha Iridium. Na kwa haki niseme hili: takwimu za kuwashtaki nimezikuta kwenye kabati lenu, maana mnahesabu vizuri kila mwaka. Tatizo ni kwamba anayehesabu na anayetabiri wanaonekana hawajawahi kunywa chai pamoja.

Naandika leo kwa sababu mchoro mwingine umetoka. Mwaka 2015 mlituchorea 5G kama pembetatu: pembe ya kasi, pembe ya vifaa vingi na pembe ya mawasiliano yasiyokatika, ndani yake magari yanayojiendesha. Mwaka 2023 mlituchorea 6G, na pembe zikawa sita. Hakuna aliyetuambia zile tatu za kwanza zimefikia wapi, na magari yanayojiendesha bado hatujayaona Manzese. Tulichokiona ni mkulima mwenye kitochi akibonyeza nyota, 150, nyota, sifuri sifuri, reli, kisha anapokea malipo ya mahindi yake kwa teknolojia ya 2G ambayo haimo kwenye pembetatu wala kwenye pembe sita. Anayepanga kuizima 2G kwa sababu mchoro umesonga mbele amuulize kwanza huyo mkulima.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo matatu. Kila tarehe 17 Mei, siku yenu ya kuzaliwa, someni hadharani mlichoahidi miaka kumi nyuma na kilichotokea. Kila utabiri mpya ufunguliwe kwa ukurasa wa ule uliotangulia. Na kwenye mchoro wa 6G ongezeni pembe ya saba, muiache tupu, iandikwe: "Watakachofanya wenye pochi nyembamba." Jibu la barua hii lije kwa nafasi yenu, ila tafadhali msinitajie mwaka.

Wako katika ujenzi wa minara,
Mteja wa malipo ya kabla.

Nakala: Kabati la mafaili, Geneva.