Namna ya Kumpima Steringi Asiye na Jina Kubwa, Ukiwa Mlimba

Kila likizo Mlimba hupokea angalau kijana mmoja kutoka Dar es Salaam aliyeangalia filamu zote za Marvel kwa mpangilio wake. Sasa anataka kujua kama sisi wa bondeni tunaijua dunia yoyote ya mashujaa zaidi ya hiyo na ile ya akina Batman. Swali ni zuri. Kasoro ni kwamba humuuliza binamu yake, aliyekaa naye wakitazama simu moja. Huu hapa mwongozo wa kupata jibu la kweli. Vifaa: simu yenye chaji, benchi kivulini karibu na stesheni, na subira ya mtoto anayeamia ndege kwenye mpunga.

Hatua ya kwanza: Waondoe matajiri.
Spider-Man, Superman na Batman hawapimwi. Wapo kwenye mabegi ya shule, kwenye ndala za watoto na kwenye madigadi za bodaboda. Mama anayeuza mabegi mnadani huwaita wote Spaida, hata yule mwenye masikio ya popo, na bei ni moja. Black Panther naye mtoe. Tangu 2018 hakuna harusi iliyokosa mtu wa kukunja mikono kifuani.

Hatua ya pili: Tafuta mashahidi watatu.
Mama ntilie mmoja, dereva bodaboda mmoja, na mtoto wa darasa la nne. Shujaa akitambuliwa na mmoja, ana bahati. Wakimtambua wawili, ana jina. Wakimtambua wote watatu, huyo ni mtu wa watu. Salimia kwanza. Ukitanguliza picha ya simu kabla ya shikamoo, mama ntilie atakwambia hamjui hata mjumbe wake wa nyumba kumi.

Hatua ya tatu: Uliza sura, usiulize kampuni.
Ukisema "Dark Horse", utaulizwa ni basi la wapi. Ukisema "Valiant", utaulizwa linaondoka saa ngapi. Lakini onyesha ule uso wa kijani wa The Mask, filamu ya 1994, na dereva bodaboda atakuigizia macho yanavyochomoka. Hajui kwamba kinyago kile kilitoka kwenye katuni za Dark Horse, na hajapungukiwa kitu. Men in Black nayo ilikuwa katuni ndogo kabla Will Smith hajaivalisha suti mwaka 1997. Mwonyeshe Bloodshot wa 2020: "Huyo si Vin Diesel, yule wa magari?" Andika: Valiant imefika Mlimba, ila kwa lifti.

Kobe wanne wa Kevin Eastman na Peter Laird, waliozaliwa kwenye katuni ya 1984, mtoto atawataja bila kupepesa: "Kobe wa karate." Power Rangers ni "wale wa rangi". Spawn wa Todd McFarlane, mwenye katuni tangu 1992 na filamu tangu 1997, atatazamwa kwa muda mrefu. "Huyo ni jini, kaka. Futa."

Usishangae majina yakipotea. Wengi wetu tulisomea filamu kwenye kibanda umiza, mbele ya televisheni moja na watu sitini, huku sauti ya Lufufu au ya DJ Afro wa Kenya ikitufasiria. Mle ndani hakuna Marvel wala DC. Kuna steringi na kuna maadui, na steringi hafi. Elimu hiyo inatosha.

Hatua ya nne: Usiisahau India.
Hapa ndipo vijana wa Dar hufeli. Mfungulie mama ntilie picha ya Krrish, shujaa wa 2006 mwenye kinyago cheusi na koti linalopepea. Ataacha mwiko kwenye sufuria ya wali. "Hrithik Roshan! Yule mwenye vidole gumba viwili mkono mmoja." Ataunganisha na Koi... Mil Gaya ya 2003, ambamo kiumbe kutoka angani anampa nguvu baba yake Krrish, na atakueleza ukoo mzima hadi bibi. Dunia ya mashujaa yenye vizazi vitatu, na shahidi wako anaijua kuliko ukoo wa mumewe.

Hatua ya tano: Usihesabu fulana.
Utamkuta fundi baiskeli amevaa fulana ya mtumba yenye Hellboy mzima mzima: mwekundu, pembe zimekatwa, mkono wa jiwe. Utafurahi. Utamuuliza, "Mzee, huyu ni nani?" Atajitazama kifuani kama mtu aliyeambiwa ana doa la mchuzi. "Huyu? Hii ni fulana." Funga daftari.

Hatua ya sita: Sasa wapime wa kwetu.
Tafadhali kaa chini kwanza. Kwezi, shujaa wa katuni wa Afrika Kusini: kimya. Supa Modo, filamu ya Kenya ya 2018 kuhusu mtoto mgonjwa ambaye kijiji kizima kinaungana kumfanya shujaa: kimya, na ni hasara, maana mama ntilie angelia hadi wali uungue. Ukienda kwa wazee hali hubadilika. Taja Lance Spearman, yule mpelelezi wa magazeti ya picha ya miaka ya 1960 na 1970, na mzee ataiweka sawa kofia yake bila kujua. Taja Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na utasimuliwa jinsi kitabu kimoja kilivyozunguka bweni zima hadi jalada likabaki la gundi. Mjukuu wake pembeni atauliza, "Babu, ilitoka msimu wa ngapi?"

Kwa hiyo usiandike kwamba watu hawapendi mashujaa wao. Andika kwamba Vin Diesel hajawapa lifti.

Hatua ya saba: Maliza na swali la mtego.
Waulize wote watatu: nani kati yenu anamjua kiumbe ambaye makazi yake yaliharibika, akasafirishwa kwenda kulelewa ugenini? Kijana wa Dar atadakia, "Superman!" Mashahidi watacheka. "Chura wa Kihansi, mdogo wangu."

Na wapo sahihi. Alikuwa akiishi kwenye rasharasha za maporomoko ya Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa hapo juu, eneo la hekta chache tu duniani kote. Aligunduliwa 1996. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, rasharasha zikakata, na mabomba ya kunyunyizia yaliyofungwa hayakutosha. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipandishwa ndege kwenda Marekani, wakazaliana kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2012 akarudishwa nyumbani. Nguvu zake za ajabu? Hatagi mayai, huzaa watoto wakiwa vyura kamili. Urefu wake haufiki sentimita 3, na kwa ajili yake wakubwa wamekaa vikao ambavyo Batman hajawahi kuitishiwa.

Matokeo: Dark Horse, sifuri kwa jina, moja kwa sura. India, daraja la kwanza. Chura, mashahidi wote, bila filamu, bila begi la shule, bila hata fulana ya mtumba.

Wewe mchora katuni unayesoma hapa: steringi yupo, adui yupo, safari ipo, na mwenyewe hadai malipo. Ila harakisha. Wamarekani wanamfahamu, walimlea.