Namna ya Kujipatia Nchi kwa Karatasi na Chupa

Ndugu yangu, vita ni gharama. Cortés alipotua Mexico mwaka 1519 alihangaika na farasi na mizinga. Wewe mfuate Mjerumani Carl Peters, aliyevuka kutoka Unguja hadi Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, Novemba 1884.

1. Ficha jina. Peters na wenzake walisafiri kwa majina bandia wakijifanya mafundi. Walipofika Unguja, konseli wao akawapa ujumbe kutoka Berlin: msitutegemee. Usivunjike moyo. Serikali hukukana ukiwa mikono mitupu. Rudi na kitu uone utakavyoitwa mwana.

2. Usikae pwani. Huku kuna liwali, kadhi na Mhindi mwenye daftari, watu watakaokuuliza kila neno kwenye mkataba. Panda Useguha, Nguru, Usagara. Wenyeji wa huko wana akili zao timamu, ila Kijerumani hawakijui, nawe huhitaji zaidi ya hapo.

3. Mpandishe mwenyeji cheo. Ukifika Msovero, mwandike Mangungo kuwa ni Sultani. Nani amewahi kukataa cheo cha bure? Utaratibu wenyewe Peters aliusimulia bila haya: zawadi, kileo, kuchanjiana damu ili muwe ndugu, halafu karatasi isomwe Kijerumani, bendera ipande, bunduki zilie. Mwenzio anajua amepata rafiki mwenye silaha, mtu wa kufaa jirani akileta chokochoko. Kumbe ametoa nchi nzima. Leo Watanzania tukiuona mkataba mbovu tunamtaja Mangungo, na aliyeuandika hatumtaji. Ujanja ulioje!

4. Hapa ndipo penye siri, kwa hiyo sogea. Karatasi ile haikuandikwa kwa ajili ya Mangungo. Iliandikwa isomwe Berlin, na Berlin hawaulizi kama mtu alielewa. Wanatazama alama yake iko wapi. Ila usiitoe mezani wageni wakiwepo. Mkutano wa mataifa uliokuwa ukiketi hapo Berlin ulifungwa Februari 26, 1885. Kesho yake Kaizari akatia saini hati ya kumlinda Peters na mikataba yake.

5. Sultani Barghash wa Unguja akilalamika, manowari zije zitie nanga mbele ya jumba lake. Zilikuja Agosti 1885. Akanyamaza.

6. Sasa tuliza mabega, maana wengi huharibu hapa. Usimpeleke Pangani Mjerumani kama Emil von Zelewski, ambaye mwaka 1888, inasimuliwa, aliingia msikitini na mbwa. Utamwamsha Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri hapa Saadani, na Bagamoyo itageuka uwanja wa vita. Itabidi aje afisa Mjerumani Wissmann na askari wa kukodi kutoka Misri. Hata baada ya Abushiri kunyongwa, Desemba 1889, Ujerumani ilimlipa Sultani wa Unguja mark milioni 4 kwa pwani hiyohiyo. Nchi ya bure imekula fedha taslimu!

7. Wakikufukuza, vumilia. Peters alifukuzwa kazi mwaka 1897 kwa ukatili wake Kilimanjaro, alikonyonga watu. Mwaka 1941 wakamtengenezea filamu nzima ya kumsifu. Wewe kazi yako ni kuombea mwigizaji mwenye sura. Yeye alipewa Hans Albers.